Soksi za Krismasi: nani unamwekea nini? Uzi wa sisi wenye mfuko wa kawaida

#1 Mama Pacha wa Kireka, 2 Desemba

Habari zenu ndugu zangu. Wa Kampala, Jinja, Mbale, Arua, nanyi mlioko mipakani Busia na Malaba, nawasalimu nyote.

Nafungua uzi huu mapema kwa makusudi. Kila mwaka ikifika tarehe ishirini watu wanaanza kuulizana "nimnunulie nini fulani", na wakati huo soko la Kikuubo halipitiki na bei zimeshapanda. Tuongee sasa.

Nyumbani kwangu tuna desturi ya soksi. Mti hatuna, wala taa za kumetameta. Usiku wa tarehe 24 natoa soksi ndefu za shule, zilizofuliwa zikanyooka, nazitundika kwenye kamba ya chandarua kuanzia kitanda cha watoto mpaka mlangoni. Mwaka huu ni kumi na moja: watoto wanne, mume wangu, baba mkwe na mama mkwe walioko Fort Portal, shemeji yangu wa bodaboda, dada wa kazi, askari wa geti, na mzee mmoja mpangaji mwenzetu anayeishi peke yake. Za Fort Portal nazifunga mdomo kwa utepe, tunasafiri nazo tarehe 26. Bajeti yangu ni shilingi 10,000 kwa soksi, na nikivuka hapo kwa mmoja nampunja mwingine.

Sasa niwaeleze jambo lililonifundisha kuchagua.

Miaka mitatu iliyopita nilimpelekea mama mkwe losheni ya bei, ile ya chupa ya kubonyeza. Nilijinyima kweli kuinunua. Mwaka uliofuata niliikuta juu ya kabati, haijafunguliwa, imefunikwa kitambaa kama picha ya ukutani. Alikuwa anawaonyesha wageni. Niliumia. Jioni ileile nikamwona amekaa mkekani barazani, ameinua sindano kuelekea kwenye mwanga, analamba ncha ya uzi, anakosa tundu, analamba tena. Blauzi yake ya kanisani ilikuwa mapajani inasubiri kifungo. Akaita mjukuu, mjukuu yuko bondeni na mbuzi. Basi akaichomeka sindano kwenye upindo wa gauni, akakunja mikono, akangoja.

Krismasi ya mwaka jana nikachukua kipande cha kitenge cha upana wa kiganja, nikachomeka sindano kumi na mbili, kila moja nimeshaitunga uzi wa urefu wa mkono: tatu nyeusi, tatu nyeupe, tatu kahawia, tatu pinki. Nikakiviringisha, nikakifunga. Vyote havikufika shilingi 5,000. Alipofungua hakusema kitu. Aliingia ndani akatoka na blauzi.

Tangu siku hiyo kabla sijanunua najiuliza: huyu mtu kila siku anakwama wapi? Kitu kinachoingia kwenye soksi hakiwezi kumshangaza mtu kwa ukubwa, lakini kinaweza kumwondolea kero ya mwaka mzima.

Naomba msaada kwa watatu wanaonitatiza: shemeji wa boda, binti yangu aliyemaliza P.7 (darasa la saba), na yule mzee mpangaji. Karibuni.

#2 Dereva wa Busia

Mama Pacha, nimeendesha boda miaka tisa kabla ya kupanda lori, kwa hiyo shemeji yako niachie mimi.

Miwani myeusi usinunue. Kila mtu anatununulia miwani myeusi, na jua likizama haina kazi. Mnunulie ile isiyo na rangi, ya kuzuia vumbi na wadudu, maana mdudu akikuingia jichoni saa mbili usiku na abiria nyuma, hapo ndipo watu wanaanguka. Desemba mvua zinakatika na vumbi linaanza, kwa hiyo ongeza kitambaa cha kuvuta mpaka puani.

Kitu ambacho hakuna anayekifikiria ni kamba za blada za kufungia mzigo. Zile zinazokatwa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu. Za kwake nakuhakikishia zimechakaa na zimeungwa mafundo, na abiria wa Krismasi wote wana kuku, magunia na masanduku. Kamba mbili mpya zenye ndoano imara, amejaa furaha. Zinakunjika, zinaingia kwenye soksi bila shida.

#3 Nesi wa Mukono

Nnyabo, ahsante kwa uzi. Naomba niwahi kabla watu hawajanunua vya watoto wadogo, kwa sababu mimi nakutana na matokeo yake.

Mtoto chini ya miaka mitatu kila kitu anakipeleka mdomoni. Kipimo chepesi: chukua lile bomba la karatasi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kinachopita ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto huyo. Gololi, shanga, sarafu, vifungo, puto, vyote viweke pembeni.

Nisikilizeni hasa kwenye vitu vya kichina vinavyoimba na kuwaka taa. Ndani vina betri bapa za duara, mfano wa kifungo cha shati, na kifuniko chake mara nyingi hakina skrubu. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa mbili tu. Siyo jambo la kungoja kesho wala kumnywesha mafuta. Ni kukimbilia hospitali palepale.

Karanga nzima pia hapana kwa wa chini ya miaka mitano, zinapalia. Asali usimwonjeshe mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata iwe safi namna gani ya West Nile.

Wampe nini basi? Mpira wa vitambaa ulioshonwa kwa mabaki ya kitenge na kujazwa pamba. Kikombe chenye mikono miwili. Kijiko cha mbao cha kupigia sufuria, mtanisamehe kwa kelele. Mtoto wa mwaka mmoja hajui bei.

#4 Mama Pacha wa Kireka

Nesi, Mungu akubariki, hilo la bomba la karatasi nimelinakili na kulituma kwenye kundi la ukoo. Dereva, kamba za blada! Mimi nilikuwa nimeshaanza kuulizia miwani myeusi.

Niongeze la kwangu kwa wenye watoto wa P.1 mpaka P.4. Mwaka mmoja niliweka peremende na chokoleti moja kwa moja ndani ya soksi nikatundika usiku. Asubuhi msitari wa sisimizi ulitoka dirishani, ukapanda ukuta, ukafuata kamba ya chandarua mpaka soksi ya tatu. Chokoleti zilizosalia zikayeyuka kabla ya saa nne, nyumba yetu ni ya bati bila dari. Binti yangu mdogo alilia mpaka akalala. Siku hizi kitu chochote cha sukari kinakaa kwenye kikopo chenye kifuniko, au nabadilisha kabisa naweka kashata za ufuta nilizozifunga vizuri.

Kamba ya kuruka, kalamu za rangi, na kichongeo cha penseli kile cha chuma siyo cha plastiki. Hao hawana shida.

#5 Kaka wa Ntinda

Dada zangu, naheshimu mnachofanya, ila naomba kutofautiana. Mtu mzima mpe pesa. Elfu kumi mpya ndani ya bahasha, soksi imekwisha. Yeye anajua anakwama wapi kuliko wewe. Mimi mwaka jana nimepewa mishumaa ya manukato, na nyumbani nina deni la ada.

#6 Mama Pacha wa Kireka

Kaka, una haki yako, na kwa mtu mmoja nakubaliana nawe kabisa: dada wa kazi. Kwake naweka pesa, na naweka mapema, kabla ya tarehe 18, kwa sababu ndiyo nauli yake ya kwenda kwao wilayani Kumi, na wiki ya Krismasi nauli inapanda na mabasi yanajaa. Pesa hiyo haigusi mshahara wake. Mshahara ni haki yake, soksi ni upendo wetu, na nawasihi wanawake wenzangu tusivichanganye. Pia tusimpe kitu cha kuja kutufanyia kazi. Nimewahi kuona dada anafungua zawadi anakuta glovu za kuoshea vyombo. Uso wake sijausahau.

Lakini kwa wengine, kaka, elfu kumi ikiingia mfukoni inakuwa nyanya na vocha kabla ya saa sita. Mama mkwe wangu angepewa elfu kumi angewagawia wajukuu, na blauzi ingebaki bila kifungo.

#7 Mwalimu wa Jinja

Nimefundisha P.7 muda mrefu, kwa hiyo nizungumzie binti.

Matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa kawaida hutoka Januari, na muhula wa kwanza huanza mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Maana yake siku ya Krismasi mtoto hajui anaingia shule gani ya sekondari. Usimnunulie kitu cha shule fulani. Mwekee kile ambacho kila bweni litamdai. Cha kwanza ni kufuli la sanduku la bati. Chagua lenye funguo tatu: mmoja aufunge shingoni, mmoja abaki nao mama, mmoja akabidhiwe matroni siku ya kuripoti. Nimeona wasichana wangapi wakivunjiwa sanduku kwa nyundo wiki ya pili kwa sababu ufunguo ulikuwa mmoja na umeanguka chooni. Cha pili ni kalamu ya wino usiofutika, aandike jina lake kwenye shuka, beseni, na ndani ya kola za mashati. Kitu cha bei ndogo, na kinamwokoa kwenye ugomvi wa "hii ni yangu".

Na mzazi umwandikie barua. Karatasi moja, ikunje iwe ndogo, iweke chini kabisa ya soksi. Bwenini usiku wa kwanza ataisoma mara kumi.

Kwa kuwa watoto watauliza soksi zimetoka wapi, waambieni habari za Nikolao, askofu wa Myra karne ya nne, mji ambao leo unaitwa Demre, nchini Uturuki. Simulizi ya kale inasema baba mmoja maskini alikuwa na mabinti watatu, na kule mahari ilitolewa na upande wa binti, tofauti na kwetu. Bila mahari hawaolewi. Nikolao akaja usiku akarusha vifuko vya dhahabu ndani ya nyumba bila kujulikana, na wasimuliaji wa baadaye wakasema kimoja kiliangukia kwenye soksi zilizoanikwa motoni zikauke. Siku yake huadhimishwa 6 Desemba. Ndiyo maana wazee wa Ulaya na Marekani huweka chungwa kwenye ncha ya soksi, badala ya donge la dhahabu. Sisi tuna machungwa ya Teso, kwa hiyo hatuna sababu ya kushindwa hapo.

#8 Bint Bombo

Assalaam alaykum na habari za jioni. Mimi ni Mnubi na Mwislamu, Krismasi siyo sikukuu yangu, lakini nimekaa nasoma uzi mzima kwa sababu majirani zangu wa upande wa kulia ni Wakristo na tunapelekeana vyakula miaka yote.

Nawaomba jambo moja. Msitutundikie soksi, ila msituruke pia. Jirani yangu hujaza kikapu kidogo tende na kashata, anamtuma mwanawe alete tarehe 25 mchana. Idi nami narudisha kikapu kilekile, hakirudi kitupu. Kikapu chenyewe nilikisuka mimi, sasa ukingo wake umeanza kuchakaa kwa safari.

Pili, mama Pacha, binti wa miaka kumi na mitatu umesahau kitu. Pedi za kufuliwa, zile za kitambaa zenye kifungo. Mwalimu ni mwanamume, nadhani aliona haya kusema. Usiziweke kwenye soksi inayofunguliwa mbele ya shemeji na baba mkwe! Kwa Waganda kazi hiyo ni ya ssenga, yaani shangazi; kwetu ni yake au ya bibi. Mfungie kwenye leso, umpe chumbani, umwambie soksi yake ina nusu ya pili.

#9 Mama Pacha wa Kireka

Dada Bombo, nimeguswa. Nitampa leso yenye rangi anayoipenda, na pedi nitamkabidhi usiku wa tarehe 24 wengine wakiwa misa ya mkesha. Ningeziweka kamba moja na za wote bila kufikiri.

#10 Mama Elikya, Nakivale

Dada zangu, na sisi wa huku kambi ya wakimbizi tunawasoma. Mimi ni mama wa Bukavu, nina watoto watano. Mnasema elfu kumi kwa soksi moja. Mimi kwa wote watano nina elfu tatu, na hapo lazima niache ya chumvi. Sitaki watoto waone wa jirani wanapata na wao hapana. Nifanye nini?

#11 Mama Pacha wa Kireka

Mama Elikya, umenifanya nisimamishe kazi za jikoni nikukalie chini. Pole na hongera kwa kuwapigania.

Una shamba dogo nyuma ya nyumba? Hata kama ni gunia la udongo. Kila mtoto mkunjie kikaratasi chenye mbegu: mmoja dodo (mchicha), mmoja nyanya, mmoja malenge, na kwa maandishi yako juu yake jina la mtoto. Dodo inachumwa baada ya wiki nne hivi, kwa hiyo Januari mwishoni mtoto anakuletea mboga "yangu". Mbegu za nyanya na malenge unazitoa kwenye zile unazopika, uzioshe, uzianike kivulini. Hapo hujatoa hata mia.

Wa kiume mpira wa majani makavu ya mgomba, na huko wilayani Isingiro migomba mnayo tele. Elfu tatu yako nunua penseli tano na kitabu kimoja cha mazoezi, ukate kurasa, ushone kwa uzi vijitabu vitano vidogo, jalada la kitambaa. Na soksi kama hazipo, mfuko wa gauni lililochakaa unatosha.

#12 Nesi wa Mukono

Mama Elikya, penseli uzichonge kabla ya kuweka. Mtoto apate kitu cha kutumia palepale.

#13 Afande Mstaafu, Mubende

Wanangu, shikamoo zenu naziitikia kabla hamjanisalimia. Mmejadili watoto na akina mama, sasa nisemee wazee, maana mama ameuliza kuhusu mzee anayeishi peke yake na hakuna aliyejibu.

Mimi mke wangu alitangulia mwaka wa nane sasa. Kila Krismasi wanangu wananiletea hankachifu. Ninazo kumi na nne. Nazipokea kwa mikono miwili kwa sababu ni wanangu. Lakini ukitaka kumfurahisha mzee aliye peke yake, kwanza mpelekee betri za redio. Angalia redio yake ukubwa wa betri kabla hujanunua, za saizi nyingine hazimfai. Redio ikizimika nyumba inakuwa kimya sana.

Pili, mletee mbegu za omweso. Hizo mbegu ngumu tunaziita empiki, sitini na nne, ndani ya kifuko. Ubao si lazima. Mashimo thelathini na mawili, safu nne za manane, tunayachimba chini ya mwembe kwa kisigino na kidole. Watu wa pwani wanacheza bao lao kwa kete hizohizo sitini na nne, kwa hiyo hata kama mzee wako ni mgeni wa huku atauelewa haraka.

Ila mama, mbegu hazichezi zenyewe. Ukimpa, kaa naye michezo miwili. Mtume na kijana wako.

#14 Mama Pacha wa Kireka

Afande, shikamoo. Nimesoma ujumbe wako kwa sauti mume wangu akisikiliza. Ameahidi kwenda yeye.

Kesho alfajiri naingia Kikuubo kabla ya saa moja, nanunua kalamu na hankachifu kwa dazani tugawane na jirani (hankachifu siyo za wazee, afande). Pochi mbele ya kifua, orodha mkononi, watoto nyumbani. Nitaleta majibu.

#15 Mtoto wa Mbale

Nimechelewa. Kwa mwenye ndugu anayerudi nje ya nchi baada ya sikukuu: kahawa ya Bugisu, ile arabika ya mitelemko ya Mlima Elgon, gramu mia moja tu, imesagwa na kufungwa vizuri. Na alama ya kurasa ya kitabu iliyokatwa kwenye mbugo, gome la mutuba linalogongwa na mafundi wa Buganda. Kazi hiyo UNESCO iliitangaza kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Nyepesi zote, hazimwongezei kilo kwenye sanduku.

#16 Mama Pacha wa Kireka, 28 Desemba

Nipo Fort Portal, mtandao unakuja na kwenda. Niwape ripoti kama nilivyoahidi.

Shemeji alivaa kamba za blada shingoni kama mkufu siku nzima. Binti alipopata kufuli alilifunga na kulifungua mpaka tukamzuia. Barua hakuifungua, amesema ni ya bweni. Dada wa kazi alipiga simu kutoka Kumi, alifika tarehe 19. Mume wangu alienda kwa mzee mpangaji na empiki saa tisa alasiri ya Krismasi, akarudi saa mbili usiku, amefungwa michezo yote.

Mama Elikya amenitumia ujumbe kwamba mkubwa wake amemwagilia mbegu mara tatu kwa siku na lazima amzuie.

Kwa mama mkwe, huku tunamwita kwa empaako yake, jina la heshima la Watooro, Adyeri. Mwaka huu nilikuwa nimemdarizia neno hilo kwenye kona ya leso. Aliipokea, akaipitisha kidole juu ya herufi, akaitia kifuani. Kisha akanyanyuka akaleta kile kitenge cha mwaka jana, kimefifia kwa kushikwa. Sindano tisa zilikuwa tupu. Tatu bado zilikuwa na uzi, zote za pinki.

Akanikabidhi. "Hizi za pinki toa. Mimi nina gauni gani la pinki? Nitungie nyeusi."

Nimekaa naye mkekani jana jioni, nimetunga kumi na mbili.